Kikombe cha Bi Harusi, Kuresoi

Na wewe, dada Njeri, uliyesema shemeji yako huongea kama kitabu, ungemsikia jana huku Kuresoi! Tuliacha fungate Nakuru kwa siku moja ili akawaeleze wakulima matokeo ya utafiti aliofanya na madaktari wenzake: ile homa ya maungo ambayo watu hudhani ni malaria hutokana na maziwa mabichi.

Hata hajaanza, mama mwenye boma akaniletea kikombe cha maziwa yaliyotoka kukamwa. "Baraka ya bi harusi," akasema. Wote wakanitazama. Nikikataa, nimemdharau. Nikinywa, nani atamwamini mume wangu?

Mpenzi wangu akakipokea kwa mikono miwili. "Mama, baraka hii tunaitaka ikiwa moto. Tuichemshe pamoja?"

Basi tukazunguka sufuria, naye akaeleza polepole, bila neno hata moja la hospitali.

"Kumbe sisi ndio tumekuwa tukiwapa watoto ugonjwa?" mama mmoja akauliza, machozi karibu.

"Hapana, mama. Hamkuwa mmeambiwa."

"Na wale madaktari wengine, mbona hawakusema?"

"Walisema," mzee mmoja akajibu, "lakini waliambiana wenyewe!"

Kicheko kilichozuka hapo! Maziwa yalipochemka, mwenye boma akanimiminia, akawatangazia majirani, "Kwangu, kuanzia leo, ni ya moto tu."

Nilikunywa yote huku nikimtazama mume wangu, dada, moyo umejaa. Nakupenda sana. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kwako.

Mdogo wako, Wambui