Maji ya Chini ya Samadi

2 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, na mjukuu wako tumboni mzima pia, ameanza kunipiga mateke. Mgongo wako je? Na ng'ombe?

Hapa kwenye kituo cha utafiti kazi yangu ni samadi. Usicheke. Mvua ikipita kwenye lundo inashuka ardhini na ile naitrojeni inayostawisha mahindi. Ikifika kwenye maji ya kunywa ni hatari, hasa kwa mtoto mchanga. Nataka kulinganisha lundo la huku, lililo juu ya sakafu ya saruji, na la kwetu. Nakutumia mabomba na chupa. Fukia mabomba chini ya lundo, ukinge maji kila mvua ikinyesha. Chupa mbili zijaze kisimani.

Nikifungua mlango wa banda asubuhi, ile harufu inanirudisha nyumbani. Namwona Mama na ndoo yake kichwani, mimi nyuma na kikopo changu. Juzi nimelia mbele ya ng'ombe wa watu.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika lakini bado unanitii. Ng'ombe hawajambo.

Kumbe ulipanda ndege kwenda kusomea mavi! Jirani yetu fundi baiskeli amecheka hadi akaangusha spana. Lakini nimekinga kama ulivyoagiza, na maji nimeyatengeneza vizuri, hutaaibika mbele ya wakubwa wako.

Lundo liko palepale Mama yako alipoliweka, mbele ya dirisha la jiko, upande wa juu wa kisima. Alipenda kulitazama likitoa mvuke asubuhi huku akipika chai. Siku hizi nasimama hapo mimi, na kikombe changu.

Baba yako

30 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini mgongo umepoa. Sisi wawili hatujambo.

Majibu yametoka. Maji ya lundo letu yana naitrojeni mara tatu ya yale ya huku. Hata ya kisimani yamevuka kiwango. Mtoto mchanga akikorogewa maziwa kwa maji hayo, damu yake inaweza kushindwa kubeba hewa. Naomba uhamishe lundo, Baba. Bila hivyo, Desemba siwezi kumleta mjukuu wako kukuona. Imeniuma kuyaandika haya.

Mwanao

11 Septemba

Mwanangu,

Salamu. Nilinyamaza kwa sababu nilikasirika. Kisima kilichokulea miaka kumi na minane leo ni sumu? Na unataka nibomoe kitu alichokipanga Mama yako kwa mikono yake?

Halafu usiniambie nilikutumia maji machafu. Yote niliyachemsha kwanza, nusu saa nzima, nikayachuja kwa kitambaa cheupe. Mimi si mtu wa kumpelekea mwanangu maji mabichi.

Baba

28 Septemba

Shikamoo Baba yangu,

Mjukuu wako alizaliwa tarehe saba Agosti, msichana, ana masikio yako. Ulinyamaza, nami kwa ukaidi niliourithi kwako nikanyamaza. Tu wazima.

Nimecheka, kisha nikalia. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Maji yanapungua, naitrojeni inabaki yote sufuriani. Kwa hiyo hesabu zangu zote za nyumbani hazifai. Pengine kisima ni kizima. Pengine huku ndiko kubaya zaidi. Sijui. Nisamehe. Nakutumia chupa tatu, tafadhali usichemshe. Na usiguse lundo mpaka nipime.

Mwanao

4 Novemba

Mwanangu, na wewe mwenye masikio,

Hatujambo, ila mimi na mgongo hatusemeshani.

Umechelewa. Siku niliyotia posta ile barua ya hasira, nilirudi nikasimama dirishani na kikombe changu. Lundo nililiona, lakini Mama yako hayupo, wala mtoto mwenye kikopo. Nikachukua koleo. Siku ishirini na mbili, toroli kwa toroli, mpaka chini kule ng'ambo ya kisima, juu ya saruji, chini ya bati. Nililia pale lilipokuwa, fundi baiskeli ni shahidi.

Najua kisima hakitasafika kwa siku moja. Mtoto nimemwekea tangi la maji ya mvua. Hayo ruksa kuchemsha?

Chupa mbili nakurudishia, maji mabichi kama yalivyotoka kisimani. Ya tatu nimeiacha tupu dirishani. Hiyo utaijaza mwenyewe.

Babu yake