Kitambaa kwa Mkono wa Dereva

Mjukuu wangu Halima,

Salaam aleikum. Hapa Isiolo tuko salama, na ngamia wamezaa. Umeniuliza kama yule mume wa mchezo mnaosoma shuleni, aliyemuua mkewe kwa sababu ya kitambaa, anaweza kuwa mtu wa kweli.

Mimi niliona kipande cha leso ya nyanya yako kwa mkono wa dereva wa lori la maziwa. Siku tatu sikumsemesha nyanya yako, wala sikugusa chai yake. Kisha nikaona lori likishusha mitungi: kila mama amefunga wake kitambaa cha alama, ili urudi kwake. Chetu kilikuwa kimefunguka tu, dereva akakiokota. Niliogopa kuchekwa na wanaume sokoni kuliko kumpoteza yeye.

Hata leo akicheka na simu, roho inachomeka. Lakini sasa nauliza, "Ni nani?"

"Ni Halima, mzee. Kunywa chai."

Babu yako