Saa Sita Nilikuwa Nyumbani

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kitindamimba wangu,

Pokea salamu zangu na za mama yako, ambaye ameketi hapa kando ananitazama ninavyoandika, kama askari anayelinda mfungwa. Hujambo, mwanangu? Mumeo hajambo? Na kifua cha mjukuu wangu kinaendeleaje na baridi ya huko? Uliniambia anakohoa akipanda ngazi. Usichoke kumrudisha kwa daktari hata wakikwambia ni mafua tu.

Sisi hatujambo, kwa kipimo chetu. Mama yako sasa anatoka kitandani hadi kwenye cherehani bila kushikwa, kwa ile fimbo yake ya miguu minne. Mkono wa kulia bado mzito, lakini unaweza kubana kibanio cha nguo. Mimi ndiye ninayerudi nyuma. Miguu imevimba, na ngazi mbili za barazani napanda kwa vituo. Alhamisi ya juzi nilimuuliza daktari moyo huu umebakiza wiki ngapi, akaanza kunieleza habari za kupunguza chumvi. Nikamwelewa.

Usifunge mizigo bado. Soma kwanza barua hii hadi mwisho. Sikutaka kukupigia, kwa sababu simu ina kitufe cha kukatia na mimi najijua.

Nina jambo la siku ile mama yako alipopatwa na kiharusi. Nilikudanganya. Nilimdanganya kila mtu.

Unakumbuka wiki ile mama yako alikuwa akilalamika kizunguzungu, nawe ukampigia kaka yako ukamwamuru asimwache peke yake hata dakika moja. Alikutii. Asubuhi ile mwenye bucha alimpigia aende kumtengenezea chumba chake cha baridi, kimezima na nyama inaharibika, na kaka yako akamjibu haji. Mimi ndiye niliyemwambia, "Nenda kwenye mafriji yako, mwanangu. Leo sitoki. Mimi nipo." Akaniuliza mara mbili, nikamfukuza kwa utani.

Na kweli sikutoka. Hapo ndipo uongo wangu unapoanzia, mwanangu. Nilikuambia nilitoka saa mbili asubuhi nikarudi saa saba na nusu nikamkuta ameanguka. Sikutoka. Nilikuwa kwenye kiti changu, hatua nne kutoka kwenye cherehani, najaza chemsha bongo ya gazeti.

Unamjua mama yako na pini zake. Tangu uko tumboni unamsikia akisema na wateja huku ameuma pini tano, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo kama yanapita chini ya mlango. Nami kwa miaka arobaini nimemjibu utani ule ule: "Toa pini kwanza, fundi, kabla sijaita mtu wa sumaku."

Saa sita kamili, taarifa ya habari inaanza redioni, aliniuliza kama nataka chai. Aliniuliza vizuri kabisa, kila neno mahali pake. Akaniletea, akarudi kwenye cherehani. Habari zilipokaribia kuisha akasema kitu, sikukishika. Maneno yalikuwa yameviringana. Sikuinua kichwa. Nilisema, "Toa pini kwanza, fundi." Akasema tena, kwa sauti ya juu kidogo, vilevile yameviringana. Nikamalizia, "Kabla sijaita mtu wa sumaku." Nikacheka peke yangu. Cherehani ilikuwa imenyamaza nami nikaona ni heri, nipate kufikiri. Nilimaliza chemsha bongo yote siku ile. Kisha nikasinzia.

Nilipoamka alikuwa ameegemea cherehani, mdomo umekwenda upande, jicho moja linanitazama. Pini zote zilikuwa kwenye kimto chake, pale kwenye mkono. Mdomoni hamkuwa na hata moja.

Jirani yetu mwenye gari la taka alitufikisha hospitali saa nane. Daktari aliyetupokea nilimfundisha darasa la tano. Aliniamkia kwanza, "Shikamoo, Mwalimu," ndipo akauliza mara ya mwisho nilipomwona mama akiongea vizuri ilikuwa saa ngapi. Jibu nililijua kwa dakika, redio ilikuwa imenipa. Lakini ningesema saa sita, angeuliza na wewe ulikuwa wapi, na ningelazimika kumweleza mtoto niliyemfundisha kwamba mke wangu aliniita mara mbili nami nikamtania. Nikasema, "Saa mbili asubuhi. Nilitoka. Nimerudi nimemkuta hivi."

Alitazama saa ya ukutani, kisha akamwambia nesi, "Muda umepita." Akanivuta pembeni akanieleza kwa adabu. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani, lakini hutolewa katika saa chache za mwanzo tu. Wakichelewa, au wasipojua saa ilipoanza, inaweza kumvujisha damu kichwani ikamuua. "Laiti angeonekana mapema, Mwalimu," alisema.

Nilikuwa na nafasi, mwanangu. Alisimama mbele yangu akiningoja nikubali. Ulimi ulikuwa wangu, mzima, na saa sita ilikuwa palepale kwenye ncha yake. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyesikitika. Akaondoka.

Sijui kama dawa ile ingemrudishia mkono na maneno yake. Huenda isingemfaa. Ninachojua ni kwamba mimi ndiye niliyefunga mlango, mimi niliyewasimamisha watoto darasani kutwa nzima kwa uongo wa kalamu iliyopotea.

Jioni ulipiga simu ukilia, ukataka kujua nani alimwacha mama peke yake. Nikanyamaza, na kaka yako alikuwa amesimama mbele yangu. Ulimwambia amemuuza mama kwa sababu ya friji la bucha. Aliniangalia mara moja tu, akakujibu, "Ni kweli, sikuwepo." Tangu hapo, mwaka na miezi minane sasa, hujamsemesha, na umeapa hutakanyaga nyumba hii maadamu yeye yumo.

Huyo usiyemsemesha ndiye aliyefunga bomba la chuma ukutani kutoka kitandani hadi chooni, akatundika kamba na kapi ili mama yako auinue mkono mbovu kwa kuuvuta kwa ule mzima. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini humnyoosha vidole kimoja kimoja. Hamwachi mpaka kidole gumba kimkubali.

Mimi nilichukua mazoezi ya kusema, kwa kuwa ni mwalimu. Yule mama wa hospitali anayefundisha matamshi alinipa kadi za picha, akaniagiza tufanye mara mbili kwa siku, tuanze na vitu vya kazi yake: uzi, mkasi, sindano, pini. Kadi ya pini niliificha ndani ya kamusi.

Neno lake la kwanza kutoka safi lilikuwa "pumbavu". Nilikuwa nimemvisha blauzi nyuma mbele, naye ni fundi. Kaka yako alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, lakini niliogopa. Kwa sababu yeye anajua, mwanangu. Yeye ndiye aliyeniita. Kila neno lililorudi nililihesabu kama hatua za mtu anayekuja kunigongea. Siku aliposema "redio" sikuweza kula. Nikaanza kuruka mazoezi ya jioni, nikasingizia moyo wangu. Mara kadha wa kadha aliniletea kadi zile mwenyewe, kazibana kwapani, nami nikasema tupumzike leo. Huu ndio ubaya ulio mkubwa kuliko ule wa hospitali. Ule nilitenda mara moja.

Alhamisi ya juzi nilirudi kutoka kwa daktari nikakaa kwenye kiti changu. Redio ikaanza habari za saa sita. Mama yako akageuka kwenye cherehani, akanyoosha kidole kwenye kiti nilichokalia, akagusa mdomo wake, akasema, "Ulikuwepo."

Neno moja, lakini halikukosa hata silabi.

Nikamwambia, "Nilikuwepo." Kisha nikamweleza na lile asilolijua, la daktari na saa mbili ya uongo. Alinisikiliza hadi mwisho. Akakivua kile kimto cha pini kwa mkono wa kushoto akanitupia, kikanipata kifuani. Siku mbili hakunisemesha, na safari hii haikuwa kwa kushindwa.

Jumamosi nilimwita kaka yako nikamweleza. Alikuwa anafuta mafuta mikononi na kitambaa, hakuacha kufuta. Akasema, "Baba, nilipofika siku ile kikombe chako kilikuwa kwenye mkono wa kiti. Gazeti limejazwa lote."

Nikamuuliza, "Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Dada alikuwa ameshapata wa kumkasirikia. Na mama alihitaji mtu wa kukaa naye mchana." Akatundika kitambaa msumarini. "Mimi nilijua umepitiwa tu na usingizi. Hayo ya daktari ndiyo sikuyajua." Akatoka nje, akarudi baada ya muda mrefu macho mekundu, akamnyoosha mama yake vidole kama kawaida. Nami hajanisemesha vizuri hadi leo. Ana haki.

Jana mama yako alisukuma karatasi hizi mbele yangu. "Andika," alisema. Nikauliza nimwandikie nani, kana kwamba sijui. Akasema, "Mtoto." Kisha akaongeza, "Pumbavu."

Nami sikuombi unisamehe. Hasira yako unayo, ilete yote hapa kwangu, ni haki yangu na nimeikwepa vya kutosha. Ninaloomba ni moja. Siku nitakapoondoka, mama yako atahitaji mtu wa mafriji na mtu wa kadi, na hawezi kuwapata kama wawili hao hawasemezani. Usinijibu mimi. Mpigie kaka yako. Hata ukikosa la kusema, mpigie mnyamaze wote wawili. Mazoezi ya jioni tumeyarudisha, na kadi ya pini imetoka kwenye kamusi.

Msalimie sana mkwe wangu, na mjukuu wangu mwambie babu anaulizia kile kifua. Kaka yako hajaomba nikusalimie, ila aliponiona naandika aliniletea kalamu iliyo bora kuliko yangu. Jirani mwenye gari la taka anakusalimu, amepata gari jipya nalo linanuka vilevile.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe moyo mwepesi kuliko huu wangu.

Ni mimi baba yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Mwalimu.

Nimekwisha kutia sahihi nikataka kuzibana karatasi hizi kwa kibanio cha ofisini, mama yako akakataa. Amechomoa pini kwenye kimto kwa mkono wa kulia, akaichomeka mwenyewe. Alianza habari za saa sita zilipoanza, akamaliza zilipokuwa zinaisha. Muda wote huo nilikaa nikimtazama. Imeingia upande kidogo. Usiinyooshe.