Hesabu ya Shirleen Inayoanza na Uongo

Jumamosi, 1 Machi 2025

Hesabu ya chuo ilikuwa imemshinda binti yangu Shirleen. Nikasimama kanisani nikaomba mtu wa kumsaidia, na wiki hiyo hiyo tukapata Madam Rahab wa Kajiado, anamsaidia kwa simu. Mungu ni mwema.

Alhamisi hii inayokuja kila mwanafunzi anaitwa ubaoni kuelezea assignment yake. Asiyeweza, anarudia mwaka. Kwa hivyo leo Shirleen ameniketisha afanye mazoezi na mimi. Eti kwa sababu sijui kitu. Amesema hivyo, huku akicheka.

Ameanza na mfano wa darasani. Hakuna namba kubwa kuliko zote. Sawa. Lakini lazima uonyeshe, kwa hivyo — tuchukulie ipo. Nikamuuliza, si umesema haipo? Ngoja Baba. Tunaongeza moja. Imepita ile kubwa. Uongo umevunjika, basi haipo.

Chai imepoa nikiwaza. Unaanza na uongo ufike kwa ukweli. Sijui kama Mkristo anaruhusiwa. Lakini imeniingia.

Jumapili, 2 Machi

Nimetoa shukrani mbele ya kanisa kwa ajili ya Madam Rahab. Amina nyingi. Mama Shirleen ananicheka, eti natembea nikiongezea kila kitu moja.

Mchana tumefungua assignment yenyewe, kurasa tatu. Nayo inaanza na "tuchukulie". Shirleen anaisoma mbio kama tangazo la redio. Nikamuuliza, hapa uongo unavunjika wapi? Akafungua ukurasa wa pili. Akarudi wa kwanza. "Baba, wewe skiza tu."

Nimeskiza.

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kwari ya mawe na vumbi yote, hata sijaoga, ananiita nione programu ya kompyuta, nayo ni sehemu ya ile assignment. Unaandika alama za mtoto, inakupa gredi. 70 ikasema A. 40 ikasema D. Nikaandika 300. Ikasema A.

Nikamuuliza ni mtoto gani huyo wa mia tatu kwa mia. Tumecheka sana. Nikasema basi mkataze. Akasema itabidi amuulize Madam.

Mimi jiwe likitoka kombo najua msumeno ulipita wapi. Lakini hiyo ni mawe. Labda kompyuta ni tofauti.

Jumanne, 4 Machi

Nimechoka. Zaburi moja, nikalala.

Jumatano, 5 Machi

Kesho ni kesho. Tangu asubuhi kuna kitu kinanisumbua. Mwishowe nimejaribu ile njia yake, hapa kwa shajara, Mungu anisamehe.

Tuchukulie Shirleen ameandika kazi hii mwenyewe.

Basi anajua uongo unavunjika wapi. Nimemuuliza tena jioni, kwa upole. Amesema Madam ndiye anajua.

Basi anajua 300 inazuiliwa wapi. Imezuiliwa sasa, ndio. Madam alituma programu ingine jana.

Nimerudia hizi mistari mara nne nikitafuta mahali nimekosea. Mimi ni wa darasa la nane, lazima nimekosea mahali. Na huyu Madam ni mimi niliyemwomba. Nilisema msaada. Sikusema msaada gani.

Kwa hivyo

Shirleen anaita kutoka sebuleni. "Baba, kuja uombee kazi yangu, nikapumzike."

Naenda. Sijui sala nitaianza na neno gani.