Majina Yaliyokuwa Kwenye Diski D

Baba Neema, huko unakoitwa Profesa,

Huku tunaendelea. Neema meno ya mbele yameota tena, na shuleni anawaambia wenzake kwamba baba yake ni fundi wa kompyuta nchi nzima. Mimi ni mzima nusu. Naogopa, na safari hii usinicheke kama ulivyozoea, eti mke wako anaogopa hadi kipanya.

Unaikumbuka siku tuliyoileta ile kompyuta kutoka Kahama? Mtumba, tumeizungushia shuka letu la bluu, kitufe cha M kimeng'oka. Ulipoiwasha, wakatokea watu wa watu: mahafali, mtoto ndani ya beseni, bibi mmoja amekaa mlangoni kwake. Nikasema tuwahifadhi. Ukasema, "Hawa si wetu, mama. Tunapiga windows, tunaanza upya." Ulipofika kwenye ule ukurasa wa kuchagua pa kufuta, ulinivuta karibu. "Hapa ndipo watu wanapoumia. Hakuna C wala D, ni namba tu. Ukikosea hapa, hakuna kurudi." Ukanionyesha: juu, ndiyo C, unakaa mfumo, chini zinakaa kazi za watu. Nikaitikia kama nimeelewa, kumbe nilikuwa namuwaza yule bibi.

Huko chini, kwenye D, ndiko ulikoweka faili la wachimbaji. Sikuwahi kukusifu kwa wazo lile, basi nakusifu leo. Ulishuka kwenye maduara, mashimo yale ya dhahabu, miaka mingi kabla hatujafungua steshenari, ukajua wanaume wanakula sufuria moja mwaka mzima wakiitana Chuma, Mchina, Tingatinga, na siku shimo likimfukia mmoja, hakuna anayejua apigiwe nani. Ukaanza kuwaandika: jina la kweli, kwao, namba ya ndugu, picha. Nikasema daftari linatosha. Ukasema daftari husomwa na kila mtu, na wengine hapa wamewakimbia wake zao. Basi wakawa wanakuja mmoja mmoja, wanachekacheka kwa aibu, wanakunong'oneza majina waliyopewa na mama zao.

Wiki iliyopita kompyuta ikaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika. Dawa nilikuwa naijua. Flashi yako yenye windows imo kwenye kopo la pini, pale pale. Siku tatu niliikwepa. Nilifunga duka nikasema naumwa. Mafundi wa mjini wanafuta yote bila kuuliza, kwa hiyo sikutaka kuipeleka, na mwenyewe mkono haukuenda.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, akaingia Mzee Shija, msimamizi wa duara la bondeni, tope hadi mapajani. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mayu, mama yangu, duara limetitia. Tingatinga yuko chini, vijana wanafukua. Nitafutie kwao."

"Anaitwa nani?"

"Si Tingatinga!"

"Jina lake, Mzee."

Akavua kofia. "Miezi minane nakula naye, mayu. Silijui."

Nikachomeka flashi. Ukurasa ukaja kama ulivyoniambia: namba tu. Sehemu mbili kubwa, karibu zinalingana. Nikatazama nafasi iliyobaki, moja imejaa, nyingine ina uwazi. Nikataka kusema iliyojaa ndiyo ya watu, halafu nikakumbuka yale mamuvi yako uliyoyarundika kwenye desktop, na desktop iko C. Baba Neema, nilikutukana kwa Kisukuma mbele ya mtu mzima. Umeme nao wa hapa unaujua. Wanaume wote wale walikuwa chini ya kidole changu kimoja, na Mzee Shija nyuma yangu anahema tu. Nikajiambia, juu mfumo, chini watu. Nikafuta ya juu.

Ilichukua karibu saa nzima. Nilipofungua D, wamo. Wote wamo. Nililia kwa kwikwi mpaka Mzee Shija akadhani nimewamaliza.

Tingatinga ni Emanueli, kwao Maganzo, ndugu wa kupigiwa ni mama yake. Nikapiga.

"Emanueli yuko Dar, anauza nguo," akaniambia, kama ananisahihisha.

"Mama," nikasema, "kaa kwanza."

Walimtoa jioni. Hakuwa hai. Mama yake alikuja kumchukua, wakamzika kwao kwa jina lake.

Tangu siku hiyo sina raha. Miezi miwili hujapiga kutoka huko machimboni. Mara ya mwisho ulicheka ukasema huko hakuna anayekujua zaidi ya Profesa, nami nikacheka, mjinga mimi. Juzi nilifungua faili nikakutafuta. Uliandika kila mtu, hukujiandika. Na hata ungejiandika, ingesaidia nini? Faili liko hapa Ushirombo, wewe uko huko, na duara likititia huko watakuzika wakiimba vizuri, na mimi huku nitaendelea kukulalamikia kwamba hupigi simu.

Barua hii nimeichapa nakala nyingi. Nampa kila mchimbaji anayekuja huko mnakosema mawe yametema dhahabu, aisome hata yule isiyemhusu. Kurudi au kutorudi tutagombana baadaye. Kabla hujashuka tena, mshike mwenzako mmoja mkono umwambie: mimi ni Lameki, nina mke na mtoto. Akariri namba yangu mbele yako.

Na wewe usiye yeye, karatasi hii ikikufikia: kama kambini kwenu yupo Profesa, mrefu, kidole gumba cha kushoto hakina ukucha, huyo ni Lameki. Namba iko nyuma ya karatasi. Hata kama umechelewa, piga.

Mke wako,
Mama Neema