Siki Kwenye Blichi ya Mbula

Jumanne, 18 Februari 2025

Nekoye ameanza kupumua bila mashine — nesi wa zamu amesema mchana huu. Sauti bado hana. Ni mama fua, anakaa Sarang'ombe. Jana alikuwa akisugua bafu la tajiri wake, dirisha limefungwa. Akafungua jerikeni mpya ya blichi, akaanguka. Hakuichanganya na kitu, tajiri anaapa. Hilo ndilo linanisumbua.

Jerikeni ilitoka Kawangware kwa Mbula, anayetengeneza sabuni na blichi uani kwake, Kabiro. Kesho naenda.

Jumatano, 19 Februari

Mbula hakukana. Alitia siki — jerikeni zote za wiki iliyopita.

— Wateja wanalia mikono inachubuka. Nikaipoza tu.

Wateja gani?

— Ai, mtu wa magazeti, unahoji kama karao!

Nikamtafuta Mwalimu Murunga, wa kemia. Akachovya kidole kwenye chai, akachora mezani mshale wenye ncha mbili. Klorini inaenda huku, inarudi huku, akasema. Kostiki soda, ileile inayochubua mikono, ndiyo inaisukuma ibaki majini. Siki inamaliza kostiki. Klorini inarudi kuwa gesi. Na joto? Linaifukuza zaidi.

Nikamwambia atabiri. Uani kwa Mbula jerikeni moja iko kivulini, nyingine imeegemea mabati juani.

— Ya mabati itavimba. Enda uone, boss.

Nikarudi kwa Mbula. Imevimba! Nilitaka akosee.

Alhamisi, 20 Februari

Mbula amenunua kostiki. Anataka kuitia ndani, gesi irudi majini. Murunga, kwa simu: kwenye karatasi ni kweli, mshale utageuka. Lakini kwanza mtu afungue kifuniko. Nani? Mbula akaketi chini.

Zimamoto wamezibeba. Zote isipokuwa moja — aliliuzia kanisa moja Sarang'ombe.

Nekoye ameongea. Mnong'ono tu. Ni yeye aliyemwomba Mbula apunguze ukali. Akanionyesha viganja: vimejaa mipasuko, mingine mibichi. Akasema nisimharibie Mbula jina. Sikumwahidi kitu.

Nimemweleza Mbula. Alikuwa anajua ni Nekoye tangu mwanzo — ndiyo maana hakunijibu jana.

Ijumaa, 21 Februari

Kanisa tumelipata. Jerikeni iko stoo. Stoo ni ya mabati, haina dirisha, inapigwa na jua tangu saa sita. Kufuli kubwa. Ufunguo anao Rachael, mkuu wa usafi, na Rachael yuko matangani Kakamega. Simu imezimwa. Shemeji yake anasema anasafiri usiku huu, akishuka basi anakuja moja kwa moja kuwafungulia wenzake.

Mlinzi akataka kuvunja kufuli. Nikamzuia: huenda gesi imejaa ndani. Nimewapigia zimamoto: magari yako kwenye moto kwingine, watafika kesho saa mbili asubuhi.

Usafi unaanza saa moja.

Mhariri anataka habari jioni hii, na jina la Mbula. Nimempelekea onyo kwa wenye jerikeni za blichi ya uani, bila jina. Amekasirika. Akasirike.

Mbula amekalia ndoo mbele ya mlango wa stoo, leso mabegani, mgongo kwenye kufuli. Hataki kuondoka. Nikamwambia akae mbali kidogo, upande upepo unakotoka. Akasogea hatua chache, akanitazama.

— Na Rachael akikuja na haraka zake? Si atanisukuma?

Nimeweka kengele ya saa kumi na moja alfajiri. Rachael atatukuta wawili mlangoni.