Kikohozi Ulichomnyima Mama

Njagi, mdogo wangu,

Sikuja kukuzika, na wala sikuwa mgonjwa. Wanao waliwaambia waombolezaji kwamba mimi, mzee wa Makutano, siwezi safari. Uongo. Siku ile nilikaa mlangoni pangu hapa Makutano, Meru, nikamenya viazi.

Nakuandikia kwa sababu ya mjukuu wako, Nyaga. Alinijia Jumapili akinionyesha picha kwenye simu. Anataka kuwapeleka watoto wake kutembea bwawani, pale maji yalipofunika matete yetu ya mto Thagana, huo waitao Tana. "Babu, tukodi kayaki au motaboti? Mimi naona kayaki. Ni ya makafi, haina kelele, ndege hawatoroki."

Maneno yako, Njagi. Yale yale, mdomo mwingine.

Yule bwana shauri, mtawala wa Kizungu aliyekuajiri wakati wa Hali ya Hatari, alikuwa na vyombo viwili vya kustarehe: boti ya injini, na kile chembamba cha turubai, cha watu wawili na makafi. Kila Jumapili alikwenda mtoni kutazama viboko na ndege, daima kwa boti. Kisha siku moja akakuuliza achukue kipi. Wewe mwenyewe ulinisimulia jibu lako, tena kwa majivuno: "Hiki cha kafi, bwana. Injini inafukuza kila kitu."

Ilifukuza, ndiyo. Ilitufukuza sisi. Kila mama alipovuka na kibuyu cha uji kuniletea mafichoni, mimi mpiganaji niliyesakwa na wakoloni, masikio yake yalikuwa kwenye ile injini. Ikinguruma mbali, alipata muda wa kulala matopeni. Jumapili ile haikunguruma. Nilikuwa ndani ya matete, hatua kumi tu. Niliona ncha ya chombo ikitokea kwenye kona, na wewe umekaa mbele, kafi mapajani. Ulimwona mama kabla ya bwana kumwona. Usinibishie. Nilikuona ukimwona.

Maisha yako yote ulijitetea: "Mimi nilichagua chombo tu." Kama kosa lingekuwa chombo, ningekusamehe, hata baada ya mama kukamatwa pale na kufungwa gerezani asirudi tena. Hukujua kwamba angevuka siku hiyo? Haya, hukujua. Lakini nani kwetu hufika mtoni kimya? Mama ndiye aliyetufundisha, tungali wachunga mbuzi: "Kohoa kabla ya kona. Huenda kuna mtu anaoga." Wewe ulikohoa hata mto ulipokauka, tukakucheka. Siku ile ukanyamaza. Kikohozi kimoja, Njagi! Bwana angedhani ni mafua.

Kibuyu ninacho. Kilielea hadi kwangu. Mengine yote yalibaki kwako, pamoja na shamba la baba, lililoandikwa jina lako baadaye, nami nimeshakamatwa na kuwekwa kizuizini.

Nyaga nilimwambia achukue ya injini. Akacheka, "Babu, wewe na makelele!" Sikumweleza kitu. Watoto wake na wafurahie maji yao.

Baki na ukimya wako. Sitakuombea. Ila siku yangu haiko mbali, na ahadi yangu kwako ni hii: nikija huko uliko, nitakohoa kuanzia mbali, kisha nitakohoa tena kabla ya kona. Utapata muda wa kujificha, ule ambao mama hakuupata.

Kaka yako,
Ireri